Barua Zilizopitia Uholanzi

Mume wangu alipofariki, kompyuta yake ilikuwa bado inawaka. Alianguka alasiri katika chumba cha mbele, akapelekwa hospitali, akarejeshwa akiwa maiti. Wanawake waliokuja kukaa nami waliikuta ile mashine inanguruma peke yake, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, wasijue waifanye nini. Mmoja alitaka kuchomoa waya. Nikamwambia asiuguse. Hilo ndilo neno la kwanza nililolitamka tangu nipewe habari, na nadhani wengine waliona nimerukwa na akili. Wakaifunika leso, ikaendelea kunguruma chini ya leso huku watu wakisoma hitima.

Nilikuwa na akili zangu. Nilijua alikuwa akifanya nini pale, na nilijua hakuwa amemaliza.

Chumba chetu cha mbele, hapa Mishomoroni, upande wa Kisauni, kilikuwa ofisi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na kwa watu wengi wa Kisauni mtandao ulikuwa kitu cha mahotelini huko Bamburi. Mume wangu alikuwa fundi wa redio aliyegeukia kompyuta. Alinunua moja iliyokwisha kutumika, akaiunga kwa modemu kwenye simu yetu ya nyumbani, akabandika karatasi mlangoni kuwa barua za kompyuta hutumwa hapa. Waliokuja zaidi ni wanawake wenye waume au watoto Arabuni na melini. Wao walisema, mimi nikachapa. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini mkono wangu ni mwepesi, na niliandika kama mtu alivyosema. Akitukana niliandika tusi. Sikumpunguzia mtu wala sikumpambia.

Jirani yetu, mama aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza, alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa Dubai akifanya kazi za nyumbani. Aliyempeleka ni wakala wa papa hapa mtaani, mtu mwenye nyumba ya ghorofa karibu na msikiti, anayeitikia salamu kwa sauti ya kusikiwa na wote. Miezi ya kwanza habari zilikuwa nzuri. Kisha kijana mmoja wa Likoni, aliyekuwa akifanya usafi katika ofisi kule Dubai na akitusaidia kupokea barua za watu wa kwetu, akaandika kwamba amekutana na yule binti kwenye pipa la taka la mtaa wao. Amekonda, mwajiri amemfungia pasipoti, na hatoki nje ila kumwaga taka.

Mamake akaja akaketi kitini, akatoa yaliyomo moyoni. Katika barua ile alimwita wakala mchuuzi wa watoto wa watu. Nikaandika hivyo hivyo, nikaituma.

Hata jibu halijaja, wakala alimsimamisha njiani.

"Mimi ndiye mchuuzi wa watoto wa watu, bibi?" alimwuliza huku akicheka. "Kaa kimya. Nikipiga simu moja tu kule, huyo mwanao hata hiyo taka hataimwaga tena."

Mama wa mahamri alikuja moja kwa moja kwangu, mikono ina unga bado.

"Tulikuwa wawili humu ndani," akasema. "Mimi na wewe."

"Wallahi, mama, sikusema."

"Basi nani kasema? Hiki kiti?"

Nimewahi kuitwa maskini, nimewahi kuitwa mgumba, na yote mawili ni kweli kwa hiyo sikuyajibu. Mwongo sikuwa nimeitwa. Nililia mpaka mume wangu akaacha kazi yake. Akaniita mbele ya kioo, akaendesha programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya, akaniambia nitume barua yoyote. Nikatuma. Maneno yangu yakapita mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, wazi kabisa, kama nguo zilizoanikwa.

"Hivi ndivyo anavyoyaona yeyote aliyekaa katikati," akasema. "Na katikati yetu na dunia iko kampuni ya mjini iliyotuuzia mtandao."

Baadaye tulisikia kwamba wakala ana jamaa yake anayefanya kazi pale. Sina ushahidi kuwa ndiye aliyekuwa akisoma, na siandiki nisilokuwa na ushahidi nalo. Ninachojua ni kwamba maneno yalitoka chumbani mwetu yakafika mdomoni mwa wakala, na mimi sikuyapeleka.

Tangu siku ile mume wangu hakuwa na kazi nyingine. Dadake mkubwa alikuwa Uholanzi miaka mingi, akifanya kazi ya kompyuta, na nyumbani kwake alikuwa na mashine isiyozimwa, iliyounganishwa na mtandao mchana na usiku. Walikubaliana wachimbe njia: barua zetu zifumbwe humu humu chumbani, zipite kwa kampuni ya mjini zikiwa vurugu tupu, zifumbuliwe Uholanzi, na kutoka huko seva ya kupitishia izipeleke kwenye tovuti ya barua. Kutoka Uholanzi kwenda mbele zilikuwa wazi tena, sitadanganya. Lakini huko hakuna aliyemjua wakala wa Mishomoroni.

Hapo ndipo alipoishia.

Wifi yangu, huyo dada wa Uholanzi, alifika siku ya tatu ya matanga. Alinikumbatia, tukalia, na watu walipopungua alikwenda akaifunua ile leso. Amri ambayo mdogo wake alikuwa akiichapa ilikuwa bado pale, nusu, na kijimstari kinapepesa mbele yake. Akanyoosha kidole aifute aanze upya.

"Usifute," nikamwambia. "Imalizie."

Akanitazama. Akaimalizia.

Mimi nilikuwa nimeshaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila wanja, bila kuonana na mwanamume asiye mahramu yangu. Kompyuta ilihamishwa ikaletwa katika chumba changu cha eda, na waya wa simu ukapitishwa chini ya mlango. Hapo ndipo shangazi wa marehemu alipokuja juu.

"Eda gani hii ya kukaa na mashine? Wanaume wa dunia nzima wamo humo!"

"Hawamo, shangazi. Ni herufi."

"Hiyo kompyuta ni mahramu yako?"

"Wala si mwanamume," akadakia wifi yangu, na wanawake waliokuwa mkekani wakashindwa kujizuia, wakacheka na matanga yao.

Nilimjibu shangazi kwa adabu lakini nilimjibu. Nilimwambia sijatoka, sijajipamba na sijaposwa. Kama kuna aya inayokataza mjane kuchapa, aniletee niisome. Akaenda kwa mke wa ustadhi kuuliza. Alirudi bila aya, akakaa mkekani akaomba kahawa.

Basi wifi akanifundisha. Wakati wanawake wengine wanafundishwa kusahau, mimi nilifundishwa amri. Hakukuwa na picha za kubonyeza. Ni kioo cheusi na maneno, na ukikosea nafasi moja kati ya neno na neno mashine inakukatalia. Nilitengeneza funguo mbili. Mmoja wa wazi tukaupeleka Uholanzi, mmoja wa siri ukabaki kwangu, umefungwa kwa sentensi ndefu ambayo sijamwambia mtu mpaka leo. Nilijifunza kuunganisha mashine mbili kwa mstari mmoja wa amri, nikiieleza mashine yangu ifungue mlango wenye namba fulani kwake yenyewe, na kila kinachoingia hapo kikatokee kwenye mlango wa seva kule Uholanzi.

Kisha tukaingia kwa njia hiyo hiyo katika mashine yake, tukafungua faili la masharti ya ile seva. Humo unaandika nani aruhusiwe kupita na nani akataliwe. Aliniachia niandike mwenyewe. Nikaandika kwanza: wakataliwe wote. Chini yake nikaandika: aruhusiwe anayetoka ndani ya mashine hii. Tukajaribu, hakuna kilichopita.

"Inasoma kutoka juu," wifi akasema. "Umeshawafukuza wote mlangoni, yule wa kwako ataingilia wapi?"

Nikaibadilisha mistari. Ikapita.

Kilichonishinda zaidi ni kitu kidogo. Mara ya kwanza kuunganisha, mashine ilisimama ikauliza: simfahamu huyu ninayekwenda kwake, niendelee, ndiyo au hapana? Nikaandika ndiyo papo hapo. Wifi akanipiga kofi la mkono.

"Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Si nimekwenda kwako?"

"Umekwenda. Lakini aliyekufungulia ni nani?"

Sikuelewa. Sisi tumelelewa hivi: mtu akibisha hodi, unaitikia karibu kabla hujajua ni nani, na ukimwuliza mwanzo wewe nani, nyumba nzima inakuonea haya. Wifi akanifafanulia kwamba kila mashine ina ufunguo wake unaoitambulisha, ni namba ndefu mno, na siku ya kwanza lazima uilinganishe na ile unayoijua kweli. Yeye alikuwa amekuja na namba hiyo kutoka kwake. Tukailinganisha tarakimu kwa tarakimu. Kuanzia siku hiyo mashine yangu iliikumbuka.

"Humu hakuna karibu," akaniambia. "Akibisha, mwulize. Akichukia na achukie."

Siku moja kabla hajaondoka alinionyesha ile programu ya kutazama waya. Nilifungua barua ya rambirambi iliyotoka kwa mabaharia rafiki za marehemu, kwanza bila njia yetu. Jina la mume wangu likapita kwenye waya wazi, na neno marehemu mbele yake, mtu yeyote ajisomee. Kisha nikaifungua tena kwa njia yetu. Zikapita alama zisizo na maana yoyote, kurasa na kurasa. Nilitazama zile alama muda mrefu. Tangu azikwe watu walikuwa wameingia na kutoka nyumbani kwangu wakitazama kila kitu, hata jinsi ninavyolia. Hapo kwa mara ya kwanza nikaona kitu changu ambacho hakuna wa kukichungulia.

Wifi akarudi Uholanzi. Ofisi ya mbele ilikuwa imefungwa, ile karatasi imetolewa mlangoni, na wakala, kama mwanamume yeyote wa mtaani, akaamini kazi imekufa na mwenyewe. Mjane ameketi eda, nani tena ataandika? Huku nyuma wanawake walikuwa wakiingia kwangu asubuhi na jioni kwa kunikalia, kama ilivyo desturi, na hakuna mwanamume anayeweza kufuata kuona wanafanya nini. Sikuipanga hiyo. Ilitokea tu, nami sikuikataa.

Mama wa mahamri alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni.

"Nilikuita mwongo," akasema.

"Uliniita. Kaa tuandike."

Nilimweleza barua zinapita wapi sasa, nikamwambia pia kwamba sina hakika ya kila kitu, ila nina hakika kuwa mtu wa mjini hawezi kuzisoma. Akafikiri, kisha akaanza kusema. Tukamwandikia yule kijana wa Likoni: amwulize binti siku ambayo mwajiri na mkewe huwa hawako asubuhi, akamngoje penye taka akiwa na teksi, amfikishe ubalozini. Wakala akipata harufu tu, atapiga simu, na binti hatatoka tena. Hilo lilikuwa neno moja ambalo maisha yake yaliliegemea, nalo lilikuwa mikononi mwangu.

Jibu la kwanza likaja: kijana amekubali, siku imepatikana, wiki ijayo.

Katikati ya wiki wakala akaja kuhani. Aliketi ukumbini na mama mkwe wangu, akaomba dua, akanywa kahawa, kisha akapaza sauti kuelekea pazia la chumba changu.

"Dada, Mola akupe subira."

"Amin."

"Nasikia mashine ya marehemu bado inalia humo ndani."

"Inalia."

"Mnaandika barua?"

Mama mkwe alinitazama kupitia upenyo wa pazia, anatikisa kichwa nikatae. Ningeweza kusema la. Ningeweza kusema nasikiliza Kurani. Lakini niliona kuwa kama nimefanya kazi yote ile ili mtu asinisome, sina sababu ya kumdanganya juu yake.

"Tunaandika," nikasema. "Ila hizi huwezi kuzisoma."

Nikasikia kikombe kinawekwa.

"Nani kasema mimi husoma barua za watu?"

"Hakuna. Wewe umeuliza, mimi nimekujibu."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Jioni ile ile akaja shemeji yangu, kaka wa marehemu, amekwisha kujazwa maneno. Akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, zima hiyo mashine. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba unaficha jambo."

"Naficha, shemeji. Barua za watu hufichwa. Bahasha ni ya nini?"

Akaanza kupandisha sauti, na hapo mama mkwe, ambaye tangu mwanzo hakuipenda ile mashine hata kidogo, akainuka kutoka mkekani.

"Hebu nyamaza. Aliyekutuma amekuja kunywa kahawa ya matanga ya mwanangu huku anatafuta barua za wanawake. Mashine ya mwanangu haizimwi kwa ajili yake. Toka uende ukaswali."

Akatoka.

Asubuhi ya siku yenyewe mama wa mahamri hakupika. Alikuja na buibui lake akakaa karibu yangu, tungoje neno kutoka Dubai. Nikapiga simu kwa modemu, ikakoroma, ikashika. Nikaandika amri. Badala ya kuniuliza sentensi yangu, kioo kikajaa onyo kwa herufi kubwa: ufunguo wa mashine unayoiendea umebadilika, huenda kuna mtu anafanya uovu.

Ili niendelee ilinibidi niufute ule ufunguo wa zamani, niukubali mpya. Mstari mmoja tu, na barua ingekuja.

"Nini?" mama akauliza.

"Anayefungua mlango simjui."

"Si wifi yako?"

"Sijui. Ndiyo nasema simjui."

"Kubali tu, mwanangu. Mwanangu yuko njiani kule! Kubali tujue!"

"Sikubali."

"Una roho ya jiwe!"

"Kama ni mtu wa mjini amekaa katikati, nikimkubali atasoma binti yuko wapi saa hii. Sikubali."

Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, si kwa kuwa hayakusemwa. Nikakata mtandao ili simu iwe huru, nikampigia wifi Uholanzi. Haikupokewa, alikuwa kazini. Nikapiga tena adhuhuri, nikapiga alasiri. Mama wa mahamri alinipa mgongo siku nzima, uso ukutani, na mama mkwe akatuletea uji hatukunywa. Mimi pia niliogopa. Niliogopa kwamba namtesa kwa ajili ya namba. Lakini kila nilipotaka kurudi kwenye kioo nilijiuliza swali lile lile, aliyefungua ni nani, na sikuwa na jibu.

Magharibi wifi akapokea. Nilimweleza, akapiga ukelele.

"Ole wangu! Diski iliharibika juzi, nikaweka mfumo upya, ufunguo ukabadilika. Nimesahau kukwambia!"

"Nisomee."

"Ni mimi, wifi. Sauti yangu huijui?"

"Sauti yako naijua. Namba siijui. Nisomee."

Akacheka huku analia, akanisomea ile namba yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami nikiifuata kwenye kioo kwa kidole, mama wa mahamri amegeuka sasa, ananihemea begani. Ililingana yote. Hapakuwa na adui siku ile. Nalisema wazi kwa sababu watu wakisimulia hupenda adui awepo. Ilikuwa diski tu, na bado ningefanya vile vile.

Barua ilikuwa imengoja tangu saa nne asubuhi. Kijana wa Likoni alikuwa ameandika maneno machache, kwa haraka: yuko ubalozini, amekaa kitini, anakunywa chai.

Nikamsomea mamake. Akaniambia nimsomee tena. Kisha akalala chali mkekani, pale pale, akafunika uso kwa leso.

Karatasi za safari zilichukua wiki kadhaa. Binti alipotua, mimi nilikuwa bado eda, kwa hiyo sikwenda kumpokea wala kusimama barazani. Walimleta kwangu kwanza. Hakuwa na mzigo ila mfuko wa plastiki. Alisema shikamoo, nikamwitikia, akamwuliza mamake kama wakala alijua. Mamake akasema hajui mpaka sasa.

"Basi twende tukamwamkie," mama wa mahamri akasema.

Nyumba yao ilikuwa ya jirani, hatua chache tu kushoto. Wao wakashika kulia, njia ndefu ya msikitini. Niliketi kitandani nikasikiliza. Mama alikuwa akiwasalimu watu wa kila nyumba kwa sauti ya juu, habari zenu, mwanangu amerudi, huyu hapa, na wanawake wakimpokea kwa vigelegele kutoka baraza hadi baraza. Nilifuata ile sauti kwa masikio mpaka ikafika kwenye nyumba ya ghorofa. Hapo ikasimama, haikupungua, ikasalimia tena.